Hesabu ya Kurudi

Shangazi yangu alisuka viti vya mji mzima, lakini yeye mwenyewe alikalia ndoo iliyopinduliwa, juu yake gunia lililokunjwa mara nne. Viti vya mahakama vilipita mikononi mwake, na vya zahanati, na vya watu waliorithi samani za wazee wao wakaona haya kuzitupa. Ukimuuliza, "Fundi, mbona wewe hukai kitini?" alikujibu, "Mpishi hushibishwa na harufu, mwanangu. Lete kiti chako."

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la kufuli. Ukifungua mlango ulikutana kwanza na beseni la bati, ndani yake tepe za henzirani, mmea wa kusukia viti, zikilowa ili zilainike, kisha kopo la maziwa lililojaa vigingi vya kushikiza tepe kwenye matundu ya fremu, kisha yeye mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana. Alasiri nyingi za utoto wangu nilizimaliza pale, nikimpa utepe mmoja baada ya mwingine na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kazi hasa, kwa sababu shangazi alisuka kwa kuhesabu. Ukimkatisha, alifumua mstari mzima, akakutazama kama mtu aliyemwagiwa maziwa.

Alihesabu kwa lugha yetu. Matundu sita, anakaza. Sita tena, anakaza. Mpaka ukingo wa pili wa fremu. Akigeuka kurudi, utepe sasa ukipita chini badala ya juu, alihesabu sita kwa maneno mengine kabisa, ambayo hayakuwa ya lugha yetu wala ya lugha yoyote niliyowahi kuisikia sokoni. Siku moja nilimuuliza hayo ni ya wapi.

"Ni ya kurudi," alisema.

Nikatosheka. Leo nashangaa jinsi nilivyotosheka upesi.

Sisi ni watu wachache. Wazee husema tulikuwepo katika nchi hii kabla ya waliokuja na ng'ombe na kabla ya waliokuja na jembe, na wataalamu hawabishi sana. Lakini ukitukusanya wote leo tutaenea katika ukumbi mmoja wa shule, na viti vitabaki. Watoto wetu hawaijui lugha yetu. Rika langu tunaisikia, hatuijibu. Nilipotimiza miaka arobaini, waliokuwa wakiisema bila kutafuta maneno walibaki watatu. Mwaka uliofuata alibaki mmoja, naye ni shangazi. Hakuwa tena na mtu wa kuongea naye lugha hiyo. Akawa anaongea na viti.

Lakini huyo huyo, tangu usichana wake, aliitwa "wa njiani." Mama yake aliitwa hivyo, na bibi yake pia. Eti mwanamke fulani wa ukoo wao aliokotwa njiani akiwa na mtoto mgongoni. Ni nani, lini, alitoka wapi, hakuna aliyejua. Tusi lilikuwa limebaki peke yake, kama kifuniko kilichopoteza chungu chake.

Aliyelitumia kuliko wote alikuwa binamu yake, karani mstaafu na mwenyekiti wa chama cha watu wetu, ambaye kila mtu alimwita Bwana Muhuri kwa sababu muhuri wa chama ulikaa katika mfuko wa shati lake na kuacha doa la wino mahali pa moyo. Chama kilikuwa kimepewa chumba katika shule ya jirani ili watoto wafundishwe lugha mara mbili kwa wiki. Shangazi, ambaye hakuwa na mtoto, aliwataka watoto wale kama mtu anavyotaka maji. Bwana Muhuri alikuja karakana kumwambia asitegemee. Alisimama mlangoni, maana hapakuwa na pa kukaa.

"Dada, hakuna anayebisha kwamba unajua. Kasuku naye anajua."

"Kasuku hasuki kiti, binamu. Pisha mwanga."

"Nasema tu. Watoto watafundishwa asili yao. Asili haifundishwi na mtu wa njiani."

"Na wewe utawafundisha nini?"

"Nina maneno mia mbili kwenye daftari."

"Mia na themanini ni matusi," shangazi alisema. "Najua, maana nilikufundisha mwenyewe."

Alicheka, na binamu yake akacheka, kwa kuwa walikuwa wamelelewa ua mmoja na walipendana kwa namna yao. Lakini alipoondoka niliona shangazi ameruka tundu. Alifumua mstari wote.

Ndipo walipokuja wale watafiti wawili wa chuo kikuu. Mmoja alikuwa bwana mnene mwenye sanduku la vichupa, na shangazi alimbatiza papo hapo Daktari wa Mate. Mwingine alikuwa dada mwembamba mwenye kinasa sauti, ambaye tulimwita Mwalimu wa Maneno. Mimi ndiye niliyewaleta, kwa sababu nafanya kazi katika maktaba ya chuo na barua zao zilipitia kwangu. Walitaka kujua kama njia iliyopitwa na damu yetu ndiyo iliyopitwa na lugha yetu. Mara nyingi njia hizo huenda pamoja, walisema. Mara nyingine lugha huhamia kwa watu wengine bila damu, au damu huingia kimyakimya katika nyumba ya wageni na kuvaa lugha iliyoikuta humo. Kila atakayetoa mate angeletewa barua yake.

Bwana Muhuri naye alikuwepo, akapokea kichupa chake. Shangazi alipokea cha kwake, akakigeuza juani. "Mate tu? Huyu binamu yangu amenimalizia mengi." Kisha akamgeukia Bwana Muhuri, mbele yetu sote, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Barua yangu isomwe mbele ya chama. Ikisema mimi ni wa hapa, nipewe watoto. Ikisema ni wa njiani, wafundishe wewe na daftari lako."

"Umesema wewe," alijibu Bwana Muhuri.

"Nimesema."

Mwalimu wa Maneno alimrekodi kwa wiki mbili, nyumbani kwangu, ambako kuna utulivu. Alimkalisha kwenye kochi. Shangazi alivaa gauni lake la kutokea, akaweka mikono mapajani kama anayepigwa picha, akataja majina ya viungo vya mwili, ya ndugu, ya mvua zote na nyuki wote, na hesabu mpaka mia. Saa kumi na nne za sauti. Mimi ndiye niliyezipanga maktabani, nikaziandikia orodha.

Barua ilifika miezi saba baadaye, katika sanduku la posta la chuo. Haikuwa yangu, nami niliifungua. Siwezi kujitetea kwa hilo; niliogopa isije ikamvunja mbele za watu.

Iliandikwa kwa lugha rahisi, kwa heshima. Ilisema kwamba sehemu kubwa ya vinasaba vyake ni kama vya majirani zake, watu wa chama kile kile. Lakini kuna sehemu moja ndogo ambayo kila mtu huipokea kwa mama yake tu, na mama kwa mama yake, bila baba yeyote kuigusa, na sehemu hiyo kwa shangazi haikuwa ya watu wetu. Ilikuwa ya watu wanaoishi ng'ambo ya milima, wafugaji wa mbuzi, ambao kwa miguu ni mwendo wa siku nyingi. Wala haikuwa jambo la juzi. Kwa jinsi ilivyokuwa imebadilika kidogo kidogo, mwanamke aliyeileta huku aliishi vizazi kumi nyuma, pengine zaidi. Wenyewe walikiri hawawezi kutaja kwa uhakika.

Niliisoma nikiwa nimesimama kati ya rafu mbili. Vizazi kumi! Falme ngapi zimesahauliwa katika muda huo, na tusi la ua mmoja lilikuwa limebaki na ukweli wake, likipokezana midomo ya watu ambao hawakujua wanahifadhi nini. Kulikuwa kweli na mwanamke njiani. Bwana Muhuri alikuwa amesema kweli maisha yake yote. Basi shangazi alikuwa amepoteza watoto wale.

Siku mbili sikumwambia. Siku ya tatu, alasiri, nilikwenda karakana. Alikuwa na kiti cha hakimu, fremu pana, tepe za kwanza zimeshatandazwa.

"Una uso wa mtu anayetaka kukopa," alisema. "Sema."

Nikamsomea. Hakuinua macho. Vidole viliendelea, sita, kaza, sita, kaza. Nilipomaliza alikuwa amefika ukingoni.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema.

"Sehemu moja tu, shangazi. Ndogo."

"Tundu moja ukiliruka, kiti kizima kinapinda." Akageuza utepe. "Mama yangu alilia kwa neno lile. Nami nikajiambia, siku moja nitawaonyesha." Kisha, kwa kuwa mikono yake haikujua kusimama, akaanza kurudi, na kwa sauti ya chini akahesabu.

Nilikuwa nimeisikia hesabu ile mara elfu. Neno la tatu lina mlio kama ulimi unaobanduliwa kutoka kwenye kaakaa. La nne husemwa kwa kuvuta pumzi ndani, si kuitoa. Nilidhani ni kwa sababu hapo ndipo anapouvuta utepe. Sitayaandika hapa, herufi zetu zinayapoteza. Nilisimama na ile barua mkononi, nikaiona akilini orodha yangu ya saa kumi na nne ukurasa kwa ukurasa, na maneno yale sita hayakuwemo.

"Shangazi, hiyo hesabu ya kurudi. Ulimpa Mwalimu wa Maneno?"

"Aliniuliza kuhesabu, nikahesabu."

"Lakini hii?"

"Hii si kuhesabu. Hii ni kusuka."

Usiku ule nilimpigia simu Mwalimu wa Maneno, naye alifika kesho yake asubuhi, vumbi la safari bado likiwa kwenye viatu vyake. Shangazi alimpisha kwenye ndoo, yeye mwenyewe akasimama kando, mikono ikining'inia.

"Mama, naomba utuhesabie ile ya kurudi."

Shangazi alifungua kinywa. Akakifunga. Akajaribu tena, akatoa neno moja, akalitilia shaka. Uso wake ulijaa aibu ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Siijui," alisema. "Ajabu. Siijui."

Tulikuwa tumefanya kosa lile lile mara ya pili. Kwa wiki mbili tulikuwa tumemkalisha bibi huyu kwenye kochi na mikono mitupu, tukidhani kinachojulikana hukaa kichwani. Nikachukua utepe kwenye beseni, nikaukung'uta maji, nikamwekea kiganjani. Nikamwomba Mwalimu wa Maneno ainuke kwenye ndoo. Shangazi akakaa, akavuta kile kiti cha hakimu magotini, akaenda sita, sita, sita, mpaka ukingoni. Akageuka. Maneno yakatoka yenyewe.

Mwalimu wa Maneno alikuwa ameshikilia fremu ya mlango. Kisha akapekua mashine yake kwa muda mrefu, akasema, "Hii ilirekodiwa na mwalimu wangu kabla sijazaliwa. Ng'ambo ya milima. Mzee huyu alikuwa anahesabu mbuzi wanaoingia zizini."

Kwanza tulisikia mbuzi, na kengele. Halafu sauti ya mwanamume mzee, ya kukwaruza, isiyo na haraka. Moja, mbili. La tatu, ulimi ukabanduka. La nne, akavuta pumzi ndani.

Hakuwa na utepe mkononi, mzee yule. Hakuwa anavuta chochote. Ile pumzi ilikuwa ya neno lenyewe.

Shangazi alisikiliza mara moja. Mara ya pili, mikono ikiwa bado kwenye kiti, alihesabu naye. Waliokuwa wakihesabu pamoja chumbani mle walikuwa mwanamke wa ndoo na mwanamume aliyekwisha kufa, kati yao milima na vizazi kumi, na walifika sita kwa wakati mmoja. Duka la kufuli upande wa pili lilikuwa na mteja anayejaribu funguo. Nilizisikia moja moja. Sijawahi kuingia mahali patakatifu pa kunifanya nijihisi mdogo kama nilivyojihisi pale, kati ya beseni na kopo la vigingi.

"Alikuja na mtoto mgongoni," shangazi alisema hatimaye. "Lugha yake hakuna aliyeijua huku. Akaiacha. Ungefanyaje? Ukiomba maji lazima ueleweke." Alipitisha kidole kwenye mstari aliousuka. Enzi za mwanamke yule hapakuwa na viti. Mama yake shangazi alisuka matenga, na bibi yake mikeka. "Lakini kusuka hakuombi mtu kitu. Hapo akaweka ya kwake."

Mwalimu wa Maneno alikuwa mtu mwangalifu. Alisema damu haisemi, na mtu angeweza kujifunza hesabu ile kwa jirani. Maneno sita si lugha. Lakini alisema hayo huku akifuta macho, na akaomba kuisikia tena.

Jumamosi chama kilikutana katika chumba cha shule. Watu walijaa mpaka madirishani. Nilimsihi shangazi tuieleze barua kwa upole, tuanze na ile sehemu kubwa. Alikataa. Alikuwa amekuja na kiti cha hakimu kichwani, nusu kimesukwa, na utepe umelowa ndani ya kitambaa.

"Soma kama ilivyo, mwanangu. Niliahidi."

Nikasoma. Nilipofika penye ng'ambo ya milima, Bwana Muhuri, ambaye kwa miaka sitini alikuwa akitamani kuwa na haki, sasa aliipata na hakujua aishike wapi. Aliangalia sakafu.

"Dada," alisema, "unaona sasa. Mimi sikutaka… Lakini ulisema mwenyewe."

"Nilisema. Mimi ni wa njiani. Watoto ni wako." Shangazi alikaa chini, akaweka kiti magotini. "Kabla sijaondoka, niwaonyeshe alichobeba huyo bibi yangu. Kisha niende."

Akasuka. Akaenda kwa hesabu yetu, na wazee waliokuwa wameisahau wakatikisa vichwa kila alipokaza. Akageuka, akarudi kwa hesabu ya yule mwanamke. Mwalimu wa Maneno akawasha mashine yake, na yule mzee wa mbuzi akasikika chumba kizima. Nilimwona mama mmoja ameziba mdomo kwa kiganja. Shangazi alikwenda na kurudi mara tatu, yeye na yule mzee, na kiti kikaongezeka upana wa vidole viwili mbele ya macho yetu.

Bwana Muhuri ndiye aliyeongea kwanza. "Vizazi kumi, barua inasema?"

"Pengine zaidi," nilijibu.

"Mgeni siku mbili," alisema polepole, kama anayejisomea. "Ya tatu mpe jembe."

"Tulipewa, binamu," shangazi alisema. "Hata mpini umeshachakaa."

Kicheko kilianzia dirishani, kikazunguka. Bwana Muhuri alitoa daftari lake la maneno mia mbili mfukoni, akasogea mbele, akaliweka kwenye mapaja ya shangazi, juu ya tepe mbichi.

"Yasahihishe," alisema. "Yale mia na themanini yafute. Kuna watoto."

"Na barua yako wewe?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Si isomwe pia?"

Bwana Muhuri alishika mfuko wa shati, pale penye doa la wino. "Yangu imelowa," alisema, na mpaka leo hakuna aliyeiona.

Shangazi alifundisha miaka minne. Aliwakataza watoto kukaa na mikono mitupu. Kila mmoja alipewa fremu ya vijiti na tepe zake, na majina ya nyuki na ya mvua waliyataja huku wakisuka. Walijifunza kwenda kwa lugha yetu na kurudi kwa ile nyingine, na walipouliza hii ya pili ni ya nani, hakuwajibu kama alivyonijibu mimi. Aliwaambia, "Ya bibi aliyekuja," na akawasimulia.

Amefariki sasa. Kile alichokipokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, mpaka kwa yule mwanamke njiani, kiliishia kwake, kwa sababu hakuzaa, na baba yangu, kaka yake, alikuwa nacho bila uwezo wa kunipa. Mimi nina cha mama yangu, ambacho ni habari nyingine. Nililijua hilo tangu siku ya barua, lakini sikuwahi kumwambia. Nadhani alilijua.

Ndoo na gunia viko kwangu. Jana nililetewa kiti cha zahanati, kimetoboka katikati, na kwa kuwa hakuna mwingine mjini, nilikipokea. Nililoweka tepe. Nilikwenda sita, sita, mpaka ukingoni, kwa shida, mikono yangu ni ya karatasi. Kisha niligeuza utepe, na kabla sijafikiri nikasikia ulimi wangu ukibanduka, na kwenye tundu la nne kifua changu kikavuta pumzi ndani.